Chanzo ni nini? Vidonda vya tumbo kwenye chumba cha daktari wa kawaida

(Hii ni hotuba yote nilivyoitoa Jumamosi pale Mwanza kwa matabibu, wauguzi na wenzetu wa maduka ya dawa. Naiweka kwa ajili ya mliokuwa zamu mkashindwa kuja.)

Habari za asubuhi jamani. Wakubwa zangu shikamooni. Na nyie wadogo zangu mliotoka zamu ya usiku mkapitiliza moja kwa moja mpaka hapa bila kulala, poleni na asanteni sana, nimewaona pale nyuma.

Naomba tuanze kwa kunyoosha mikono. Nani hapa wiki hii ameandika omeprazo, hii dawa ya kupunguza asidi tumboni? Haya, karibu wote. Sasa abaki ameinua mkono yule ambaye kabla hajaandika alimuuliza mgonjwa dawa gani za maumivu anatumia, tangu lini, na nani alimpa. Mnaona imebaki mikono mingapi. Sijauliza ili kumuaibisha mtu, najua foleni zetu, najua mgonjwa wa arobaini saa nane mchana unamuonaje na wewe hujala. Ila leo nina swali moja tu nalitaka liingie kichwani kwa kila mtu atakayetoka humu ndani: chanzo ni nini? Mgonjwa anasema chembe inaniuma, inawaka, naamka usiku, chanzo ni nini? Amepona na imerudi, chanzo ni nini? Anatapika damu, chanzo ni nini?

Nianze na hili la maumivu yenyewe. Huku kwetu mtu akiumwa chembe hata hajafika kwako ameshajipa ugonjwa, anakaa kwenye kiti anakwambia daktari mimi nina vidonda vya tumbo vya siku nyingi nipe dawa, na sisi tunaandika hivyo hivyo kwenye kadi na hiyo kadi ndo inamfuata miaka yote. Ukweli ni kwamba wengi wenye maumivu ya chembe ukiwaangalia kwa kamera, ile inayopitishwa mdomoni mpaka tumboni, hukuti kidonda chochote. Tumbo linauma, linajaa gesi, linashiba haraka, lakini ukuta ni mzima. Wapo wenye kiungulia, wapo wenye mawe kwenye kifuko cha nyongo, wapo wenye minyoo. Na wapo wengine ambao ukikosea hapo unampoteza mtu.

Kuna mzee mmoja, miaka sitini na kitu, ana sukari. Chembe imeanza kumuuma tangu asubuhi akanunua magnesiamu dukani, vile vidonge vya kutuliza asidi, akatafuna, haikushuka, jioni akaenda zahanati akapewa omeprazo akaambiwa vidonda vyako vimeamka. Usiku ndo analetwa, anatoka jasho, ametapika, shati limelowa. Tukampima umeme wa moyo. Moyo! Upande wa chini wa moyo ndio uliokuwa unakufa tangu asubuhi, na maumivu yake yanakaa pale pale kwenye chembe. Kwa hiyo jamani, mtu mzima mwenye sukari au presha, au anayevuta sigara, maumivu ya chembe yaliyoanza ghafla na jasho linamtoka, mpime moyo kwanza. Kama huna mashine mpeleke kwenye mashine, na wala usisubiri kuona kama omeprazo itafanya kazi.

Halafu muulize kuhusu kumeza. Chakula kinakwama? Ugali unashuka kwa maji? Hili nalisisitiza kwa sababu sisi tunaishi kwenye ukanda wa saratani ya koo la chakula, ule unaoanzia Ethiopia unashuka Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini, na huku inakamata watu wenye umri mdogo kuliko Ulaya. Miongozo ya wenzetu inasema ukifika miaka 55 au 60 ndo wakukimbize kwenye kamera. Sisi tusisubiri hiyo miaka. Anayekwamwa na chakula, anayepungua uzito, aliyeishiwa damu bila sababu, anayetapika kila siku, mwenye uvimbe unaushika kwa mkono, huyo ana umri wowote anaenda kamera, tena mwandikie rufaa leo, sio baada ya mwezi wa dawa. Omeprazo inaweza kumtuliza mwenye saratani wiki kadhaa akadhani anapona, hiyo ndo hatari yake.

Sasa tuje kwa yule ambaye kweli ana kidonda. Chanzo ni nini? Vyanzo viwili vinachukua sehemu kubwa sana: bakteria anayeitwa H. pylori, na dawa za maumivu. Pilipili haimo. Maharage hayamo. Mawazo yanaongeza maumivu na kumkosesha mtu usingizi, lakini usimwambie mama wa watu kidonda chako kimeletwa na mawazo ukamruhusu aende, hujamtibu.

Hiki kisa cha bakteria wengi mmekisikia juu juu, naomba nikisimulie vizuri kwa sababu kina somo letu. Mwaka 1979 kule Perth, Australia, daktari wa maabara anaitwa Robin Warren anaangalia kwenye hadubini vipande vilivyokatwa kwenye matumbo ya wagonjwa, anaona vijidudu vimejipinda. Wakati huo kila kitabu kinasema tumbo lina asidi, bakteria hawezi kuishi mle. Mwaka 1981 akampata kijana aliyekuwa bado kwenye mafunzo, Barry Marshall, wakaanza kujaribu kuviotesha. Havioti kabisa, kwa sababu maabara ilikuwa inatupa sahani baada ya siku mbili. Ikafika Pasaka ya 1982, watu wakaenda mapumziko, sahani zikakaa siku nyingi kuliko kawaida, wanarudi wanakuta kimeota. Na bado watu hawakuamini, kwa hiyo mwaka 1984 Marshall akakoroga vijidudu akanywa mwenyewe. Siku chache kichefuchefu, anatapika, mdomo unanuka, walipomwingiza kamera ukuta wa tumbo umevimba na vijidudu vimejaa. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa tuzo ya Nobel.

Lakini sikilizeni hapa, kile alichokunywa hakikumpa kidonda, kilimpa uvimbe wa ukuta wa tumbo. Kilichotushawishi kuhusu kidonda ni kazi ambayo haisimuliwi sana. Mwaka 1988 wakachapisha utafiti wa wagonjwa 100 wenye vidonda vya utumbo wa kwanza, wamegawanywa kwa kura, mgonjwa hajui kapewa nini na daktari hajui, wakafuatwa mwaka mzima. Wale ambao bakteria alibaki, vidonda vilirudi kwa asilimia 84 ya waliokuwa wamepona. Wale ambao bakteria aliondoka, asilimia 21. Asilimia 84 na asilimia 21! Hiyo ndo tofauti kati ya kutuliza asidi na kuondoa chanzo. Ukimpa mtu omeprazo mwaka mzima bakteria yumo, unapaka rangi ukuta wenye mchwa.

Na kabla ya hao wa Australia alikuwepo daktari mwingine, huyu nampenda zaidi kwa sababu ni mtu kama sisi, daktari wa kawaida wa mji mdogo. Anaitwa John Lykoudis, wa Missolonghi kule Ugiriki. Kuanzia mwaka 1958 alikuwa anatibu vidonda vya tumbo kwa antibayotiki, alianza kwa tumbo lake mwenyewe, akatibu watu wengi mno. Wakubwa wa taaluma wakamkatalia, akapigwa mpaka faini. Akafa mwaka 1980, Warren na Marshall hawajaandika kitu. Alikuwa yuko sahihi jamani! Kwa nini hakusikilizwa? Kiburi cha wakubwa kilikuwepo, ndiyo. Lakini pia hakuwa na ulinganisho, hakuwa na namna ya kuonyesha waliopewa na wasiopewa wakafuatwa kwa pamoja. Kuona kwa macho yako wagonjwa wanapona hakutoshi, inabidi uhesabu. Nitarudi hapo kwenye kuhesabu.

Chanzo cha pili, dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu, aspirini, indomethasini. Hizi zinazuia kemikali inayolinda ukuta wa tumbo, ukuta ukikosa ulinzi asidi yako mwenyewe inautafuna. Na wengi hawasikii maumivu yoyote mpaka siku wanapotoka damu, maana dawa yenyewe ni ya kuondoa maumivu.

Kuna fundi seremala mmoja mgongo unamuuma miaka. Mtu fulani akamwambia vidonge vinaharibu tumbo, choma sindano. Akawa anachomwa diklofenaki kila wiki, wiki mbaya mara mbili mara tatu, na usiku anaongezea kidonge. Alikuja amepauka macho meupe, choo cheusi kimenata kama lami, hajawahi kulalamika chembe hata siku moja. Ndugu zangu, dada zangu wauguzi, nyie mnaochoma hizi sindano, nawaomba sana: sindano haikwepi tumbo. Haikwepi. Dawa ikiingia kwenye damu inafika kwenye ukuta wa tumbo ile ile, iwe umemeza, umechomwa, umewekewa kwa nyuma. Kinachopungua ni ule mwasho wa kidonge kugusa tumbo tu, na sio huo unaotoboa.

Kwa hiyo mgonjwa usimuulize unatumia dawa gani, atakwambia situmii dawa. Muulize ukiumwa mgongo unafanyaje? Kichwa? Magoti? Siku zako za mwezi? Mwambie akuletee makaratasi. Kuna vidonge vya mchanganyiko anaamini ni paracetamoli kumbe ndani kuna na diklofenaki. Na nyie wa madukani mnajua kuliko mimi, mnajua nani anarudi kila Jumatatu. Akiwa mzee, au ameshawahi kutoka damu, au yuko kwenye steroidi, au anatumia dawa ya kuyeyusha damu, hizo dawa za maumivu ni hatari kwake, mpeni paracetamoli mwambieni apite hospitali. Isipokuwa aspirini ndogo ya mwenye ugonjwa wa moyo, hiyo msiikate kienyeji, unaweza kuokoa tumbo ukaua moyo, huyo anaongezewa omeprazo ya kumlinda na daktari wake ajue.

Sasa vipimo, hapa ndo pesa za watu zinapotea. Kile kipimo cha tone la damu kinachotoa mistari miwili kinaangalia kingamwili, yaani ulinzi ambao mwili unautengeneza dhidi ya bakteria, sio bakteria mwenyewe. Kingamwili inakaa miezi hata miaka baada ya bakteria kuondoka. Na hapa Afrika karibu watu 7 katika 10 wanakadiriwa kuwa wameshaambukizwa, wengi tangu utotoni, na wengi wao hawatapata kidonda maisha yao yote. Sasa ukipima damu ya ukumbi huu mzima nusu na zaidi tutakuwa na mistari miwili, je wote tuna vidonda? Nimekutana na dada ametibiwa dozi tatu mfululizo kwa sababu kila akipima damu inasoma ipo. Ipo nini? Alishapona pengine kwenye dozi ya kwanza! Dawa kali, mdomo mchungu, kuharisha, hela ya ada ya mtoto imeishia hapo.

Pimeni choo kwa kutafuta bakteria mwenyewe, au kile cha kupuliza pumzi pale kilipo. Na mgonjwa aandaliwe: omeprazo aache wiki mbili kabla, antibayotiki yoyote iwe imepita wiki nne, la sivyo bakteria anajificha kipimo kinasoma hasi cha uongo. Hizo wiki mbili chembe ikimsumbua atafune magnesiamu, haina shida na kipimo. Ila hapo hapo nikumbushe wa CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, mgonjwa wa dolutegraviri, moja ya dawa za ARV, asimeze magnesiamu au aluminiamu pamoja na dawa yake, ARV ameze saa mbili kabla ya magnesiamu au saa sita baada, kwa sababu zinashikana tumboni dawa haiingii mwilini. Hili linasahaulika mno na virusi vinapanda mtu anaambiwa hamezi dawa.

Tumepima, yupo, tunatibu. Tunatibu siku ngapi? Nasikia saba, nasikia kumi. Siku kumi na nne! Siku kumi na nne ndo ushahidi unaposimama. Omeprazo mara mbili kwa siku, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kula, maana inafanya kazi vizuri pampu za asidi zinapoamka kwa chakula, ukimwambia ameze akishashiba umempunguzia faida. Amoksilini gramu moja mara mbili, gramu moja sio miligramu mia tano. Klarithromaisini miligramu mia tano mara mbili. Lakini hii klarithromaisini inatuangusha, usugu upo, yaani bakteria ameizoea dawa hafi, na umeonekana mpaka kwa wagonjwa wa hapa hapa Mwanza, kwa hiyo muulize mgonjwa kama miaka ya karibuni ametumia erithromaisini au azithromaisini, kama ametumia mara kwa mara usitegemee hiyo. Miongozo mipya ya wenzetu sasa inaweka mbele mchanganyiko wa dawa nne, bismathi, tetrasaikilini, metronidazo na omeprazo, siku kumi na nne. Najua bismathi kuipata kwetu ni shida, najua. Ulizeni wafamasia wenu, iombeni, isipoombwa haitaletwa.

Na mwambieni mgonjwa ukweli kabla hajaanza. Kijana wa bodaboda alinunua siku tano kwa sababu hela ilitosha siku tano, na siku ya tatu akajisikia mzima kabisa, akaona hizo zingine za nini. Alijisikia mzima kwa sababu asidi imeshuka, bakteria hajaondoka, na waliobaki ndo wale wagumu. Bora asubiri akusanye hela ya siku zote kumi na nne, kwa asiye na dalili za hatari anatuliza na omeprazo, kuliko kuanza nusu. Mwambie mdomo utakuwa mchungu, choo kinaweza kulainika, pombe aiweke pembeni. Mtu aliyeambiwa anavumilia.

Chakula. Hapa naongea kwa uchungu. Kuna mama alikuja amekonda nikadhani ana kitu kibaya, kumbe amekatazwa. Kila alikopita wamemkataza kitu, maharage, dagaa, nyanya, ndimu, chai, pilipili, mchana anakula uji mweupe usiku uji mweupe. Mwaka mzima! Hakuna ushahidi kwamba maharage yanaleta kidonda au yanazuia kisipone. Anayeona chakula fulani kinamuumiza akiache hicho, vingine ale. Maziwa waliyapa wagonjwa miongo mingi huko nyuma, yanapoza dakika chache kisha tumbo linatoa asidi zaidi. Sigara ndo mnatakiwa mumkataze kweli, inachelewesha kidonda kupona.

Nimalizie na hatari. Anayetapika damu au kupata choo cheusi, kwanza hakikisha hamezi vidonge vya kuongeza damu maana navyo vinafanya choo cheusi, ila hicho hakinati wala hakinuki vile, na hatapauka ghafla. Kanula mbili kubwa za mshipani, maji ya mshipani, pima kundi la damu, piga simu unakompeleka kabla gari halijaondoka. Na sisi wa ziwani tuna letu. Mtu wa Ukerewe, wa visiwani, mvuvi, aliyekulia majini, akitapika damu usikimbilie kusema kidonda. Shika tumbo, tafuta bandama. Kichocho cha tumbo kinaharibu mishipa ya ini mpaka ile mishipa ya koo la chakula inavimba na kupasuka, na huyo matibabu yake ni mengine kabisa, anahitaji mtu wa kufunga mishipa kwa kamera. Andika kwenye rufaa: bandama naishika, amekulia ziwani. Sentensi moja hiyo inabadilisha usiku mzima wa aliyempokea.

Na anayekuja na maumivu ya ghafla, tumbo gumu, hataki hata kujigeuza, huyo limetoboka. Wenzetu wa Bugando, hospitali ya rufaa hapa Mwanza, walichapisha mwaka 2011 wagonjwa wao waliotoboka, wengi vijana, na wengi hawakuwahi hata kutibiwa vidonda kabla. Kwa hiyo usiseme huyu mdogo hana historia. Usimpe kitu mdomoni, drip, antibayotiki, mpira wa pua, aende upasuaji. Kila saa anayokaa kwako akisubiri eksirei ni saa anayoikosa kwenye meza ya upasuaji.

Lile la kuhesabu nilisema nitarudi. Naomba kila kituo kianze daftari, la kawaida tu la kurasa mia. Umri, kipimo gani kilitumika, dawa gani za maumivu anatumia, dozi gani amepewa, amemaliza siku ngapi. Na safu moja ya mwisho: amerudi kupimwa choo, wiki nne au zaidi baada ya dozi, akiwa ameacha omeprazo wiki mbili, majibu. Hiyo safu ya mwisho ndo hatuna. Tunatibu maelfu na hatujui nani kapona. Chukueni namba ya simu, muuguzi apige, wengi wanarudi wakipigiwa. Miezi sita ijayo tukutane na madaftari yetu tuyajumlishe, tuone hapa kwetu klarithromaisini imemtoa bakteria kwa wangapi na imeshindwa kwa wangapi, tukiwa na hizo namba ndo tunaenda kwa mganga mkuu wa mkoa kudai bismathi.

Haya, maswali. Namwona mama wa duka la dawa pale dirishani ameinua mkono muda mrefu, tuanze na yeye.